Maji Yakiingia Ndani, Mama Aanzie Wapi?

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya maji yanayoingia nyumbani wakati wa mvua kubwa: namna ya kuyazuia, na la kufanya yakishaingia.

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunafahamu kwamba mvua ikinyesha usiku, wagonjwa wake hawaji asubuhi ile. Huja siku chache baadaye: mtoto anayeharisha, baba aliyejikata unyayo kwa chupa iliyozama matopeni, bibi ambaye pumu yake imeamka kwa sababu ya ukungu wa ukutani. Kwa hiyo neno letu kuu ni hili: maji ya mafuriko si maji ya mvua tena. Yamepita vyooni, jalalani na mitaroni kabla ya kufika sebuleni kwako. Tuyahesabu kuwa maji ya choo, nasi hatutakosea hatua.

KABLA YA MVUA

Tufanye hesabu ndogo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 50 linashusha lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20. Kama nyumba haina gata, ndoo zote hizo zinamwagwa chini ya kuta zako. Udongo unachimbika, msingi unabaki wazi, na unyevu unapanda ukutani.

Basi, kabla ya masika na kabla ya vuli, shaurianeni na baba mkague nyumba. Tazameni misumari ya bati iliyolegea, gata zilizojaa majani, na nyufa za kuta. Ondoeni mchanga au taka zilizorundikwa ukutani, maana hushika maji. Chimbeni mtaro unaopeleka maji mbali na nyumba, lakini msiuelekeze kwa jirani. Ninyi mliopanga, mwambieni mwenye nyumba mapema. Kupigilia misumari michache ni kazi ya saa moja. Kuezeka upya chumba kizima ni gharama nyingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kadi za kliniki za watoto, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, hati ya kiwanja na dawa za mgonjwa wa kila siku viwekwe katika ndoo yenye mfuniko unaobana, mahali pa juu.

MAJI YANAPOINGIA

Watu kwanza, vitu baadaye. Watoto, wazee na wagonjwa waondolewe mapema, hasa kwa sisi tunaokaa mabondeni. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na baadaye familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Mama, kabati na televisheni hununuliwa tena.

Pili, umeme. Zima swichi kuu ikiwa tu unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu. Kama miguu iko majini, usiiguse; toka nje na watoto. Umeme usiwashwe tena mpaka fundi ameukagua.

Tatu, kuta. Ukuta wa matofali mabichi au wa udongo unaweza kuanguka hata baada ya mvua kukatika. Ukiona ufa mpya au ukuta umevimba, msilale humo.

MAJI YAKIISHA

Vaa viatu vya mpira na glavu, ufungue milango na madirisha. Watoto wasiingie mpaka usafi umekwisha. Toa matope kwa koleo, kisha osha sakafu na kuta kwa maji na sabuni. Ndipo upake dawa ya klorini ile ya kufulia nguo nyeupe: robo lita ya dawa katika ndoo yenye lita 10 za maji. Iache kwa dakika 10. Ukiimwaga juu ya matope haitafanya kazi, na ukiichanganya na dawa nyingine ya kusafishia choo inaweza kutoa hewa ya sumu.

Baada ya hapo, kausha upesi. Ukungu huanza kuota ndani ya siku 1 hadi 2. Sogeza makabati mbali na ukuta ili hewa ipite. Usipake rangi kabla ukuta haujakauka kabisa, kwa sababu rangi huufungia unyevu ndani.

Sasa tuseme lililo gumu. Godoro la sponji lililolowa kwa mvua iliyovuja darini laweza kuanikwa juani siku ile ile likapona. Lakini lililonyonya maji ya mafuriko halisafishiki. Jua hukausha juu, na ndani uchafu na ukungu vinabaki. Tunaijua bei ya godoro, na tunawajua akina mama wanaolianika siku tatu wakiwa na matumaini. Hata hivyo, mtoto asilazwe juu yake, hasa mwenye pumu. Heri mkeka mkavu juu ya sakafu iliyokauka. Na sisi tulio katika vikundi vya akina mama, tunapokwenda kumpa pole mwenzetu, tuchange godoro badala ya kila mtu kwenda na kanga yake.

Unga, mchele na mboga zilizoguswa na maji hayo zitupwe. Mahindi yaliyolowa yakawekwa huweza kuota ukungu wenye sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yaendelee kutokota kwa dakika 1 au zaidi. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumiwe mpaka kitiwe dawa. Mwoneni afisa afya wa kata.

AFYA BAADA YA MAFURIKO

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati au dukani. Kama pakiti haipo, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, umnyweshe kidogo kidogo huku mkienda zahanati. Choo kikiwa kama maji ya mchele, msingoje kesho. Hicho chaweza kuwa kipindupindu.

Aliyejikata aoshe jeraha kwa sabuni na maji safi, kisha aende kuulizia chanjo ya pepopunda.

Na mtu akipata homa katika wiki zinazofuata, amwambie mganga kwamba alikanyaga maji ya mafuriko. Mwaka 2022 mkoani Lindi ulithibitishwa mlipuko wa homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama, wakiwamo panya, unaoingia katika maji na udongo. Dalili zake za mwanzo hufanana na za malaria, na mganga asipoambiwa habari za maji huenda asiufikirie.

Akina mama, kata ukurasa huu uubandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Kisha leo, kabla jua halijazama, toka nje utazame gata na misumari ya bati. Mungu azilinde nyumba zetu na waliomo.