Shule za Dar zina mashabiki wa siku moja kwa mwaka

MWEZI wa tisa ukishaingia, Mbagala, Tandika, Kawe na Tegeta kunakuwa na habari moja: mahafali ya kidato cha nne. Turubai zinafungwa, keki zinaagizwa, wazazi wanachangishwa, na fulana zenye majina ya darasa zima mgongoni zinachapwa haraka haraka kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Katika shule nyingi, siku moja au mbili kabla ya risala na vyeti, kuna mechi. Kidato cha nne na walimu, au kidato cha nne na wadogo zao wa cha tatu.

Anayedhani wanafunzi wa Dar hawana mapenzi na shule zao aende akaangalie mechi hiyo. Madumu yanageuka ngoma, wasichana wametunga nyimbo za kumtania mwalimu wa hesabu aliyewekwa golini, beki wa kati anashangiliwa kwa jina la utani ambalo mama yake hajawahi kulisikia. Mzuka upo wa kutosha. Ila ukiangalia vizuri, shule inacheza na shule hiyo hiyo. Ya jirani, ambayo ndiyo ingefaa kufungwa na kuzomewa, haipo.

Jibu la haraka ni kwamba michezo ya shule ipo, inaitwa UMISSETA. Ni kweli. Lakini UMISSETA imejengwa kama chekeche. Inaanzia shuleni, inakwenda kata, inafika wilaya, na kila hatua wanachukuliwa wachezaji bora wa hapa na pale na kuunganishwa. Mwanafunzi wa Temeke anayefika fainali za taifa, iwe Butimba jijini Mwanza, Mtwara au Tabora ambako mashindano yamewahi kupelekwa, anakuwa amevaa jezi ya Mkoa wa Dar es Salaam. Jezi ya shule yake aliiacha nyumbani wiki kadhaa nyuma, baada ya mechi mbili tatu zilizochezwa asubuhi uwanja wa mbali, wenzake wakiwa darasani.

Kwa kutafuta vipaji, utaratibu huo una mantiki. Kocha anapata kikosi kizuri na shule yenye mchezaji mmoja mkali haiachwi. Kwa shabiki, ni kifo. Nani atafunga safari kuishangilia timu ya mkoa iliyokusanywa wiki iliyopita?

Kenya walichagua njia nyingine. Kule shule inapanda na jezi yake hadi taifa, na ndiyo maana Kakamega, "Green Commandos", ikikutana na Musingu, mji unasimama. Mzee aliyesoma miaka 30 iliyopita anarudi kushangilia. Uganda nao wana St Mary's Kitende, shule ambayo mmiliki wake, Lawrence Mulindwa, ndiye mwenye Vipers, na uwanja wa klabu hiyo uko hapo hapo Kitende. Mashindano ya shule za Afrika Mashariki yalipofanyika Arusha 2019 na 2022, wageni hao walikuja na shule zenye majina yanayojulikana kwao kama sisi tunavyoijua Mtibwa au Coastal.

Dar ilishawahi kuonja. Makongo, pale Kinondoni, chini ya Kanali Idd Kipingu, ilikuwa shule ambayo shabiki wa soka aliijua hata kama hana mtoto anayesoma huko. Wapo waliotoka pale wakavaa jezi za Simba, Yanga na Taifa Stars. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, Waziri wa Elimu, Joseph Mungai, akaisimamisha michezo ya shule kwa hoja kwamba inakula muda wa masomo. Serikali ya awamu ya nne ikairudisha. Lakini iliyorudi ni ratiba. Mazoea ya kaka kumsimulia mdogo wake jinsi walivyomfunga jirani yalikatika, na hayarudishwi kwa waraka.

Halafu kuna ardhi. Shule nyingi za kata za Temeke na Kinondoni zilijengwa kwenye viwanja vya kubanana. Elimu bila ada ilipoanza 2016, wanafunzi wakafurika. Mwaka 2021 sehemu ya fedha za UVIKO, zilizokuwa shilingi trilioni 1.3 kwa jumla, ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima. Madarasa yalihitajika, hakuna wa kubisha. Ila kwenye eneo lililobanana, jengo jipya huenda pale palipo wazi, na palipo wazi mara nyingi ndipo goli lilipokuwa.

Mzuka wa vijana haukupotea, ulihamia kwingine. Uko kwenye Ndondo Cup, pale Bandari Tandika na Kinesi, ambako watu wanapanda ukuta na miti kuangalia timu za mitaa. Uko Simba Day na Wiki ya Mwananchi. Hata Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, njia yake kwenda Simba, Mazembe, Genk na Aston Villa watu wanaisimulia kuanzia klabu ya Mbagala Market, iliyokuja kuitwa African Lyon. Shule haitajwi.

Na kusema Watanzania hawawezi soka la shule ni uongo. Aprili 2023, wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa shule wa CAF jijini Durban, zawadi ikiwa dola 300,000. Hiyo ni shule binafsi yenye mradi wake wa soka, si shule ya kata ya Chamazi. Sawa. Lakini walivaa jezi ya shule yao.

Kinachokosekana Dar si kikombe kikubwa cha mdhamini. Ni ligi ndogo ya wilaya, Julai hadi Septemba, baada ya UMISSETA kumaliza kazi yake ya kuchagua. Shule nane za Temeke, nane za Kinondoni, nyumbani na ugenini kwa wenye uwanja, Ijumaa baada ya vipindi. Walio umbali wa kutembea wapangwe kundi moja ili nauli isiue mpango. Fainali ichezwe wiki ya kwanza ya Septemba, kabla mahafali hayajapamba moto.

Wakuu wa shule watasema mtihani. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa shule inapimwa kwa ufaulu, haipimwi kwa mabao. Basi kikosi kiwe cha kidato cha kwanza hadi cha tatu, na cha nne wakae pembeni na madumu yao. Wanajua kuyapiga. Mpira, filimbi na chokaa ya kuchora mistari havihitaji bajeti ya wizara. Vinahitaji afisa michezo wa manispaa akae na walimu wa michezo mwezi wa sita, wapange ratiba, waibandike getini kwa kila shule, ili mtoto wa Kibasila ajue Ijumaa ijayo anacheza na nani.