MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto wa Mashoto



Katika lugha yetu mkono mmoja umepewa majina ya heshima. Huitwa mkono wa kuume, na tena huitwa mkono wa kulia, yaani ule wa kulia chakula. Mwenziwe huitwa wa kushoto tu, na wazee wengine husema mkono wa kike. Tazameni basi jinsi maneno yenyewe yalivyokwisha kukata shauri kabla mtoto hajazaliwa: mkono mmoja una kazi na sifa, na wa pili haukupewa kitu. Naye mtoto akija duniani na nguvu zake zikiwa katika mkono ule usiopewa kitu, nyumba nzima hushtuka. Mwezi huu nasema habari za mtoto wa namna hiyo, kwa kuwa ninaye nyumbani. Ni kitinda mimba wetu, mtoto wa kiume, ametimiza miaka mitano, naye yu mashoto.

Hakufundishwa na mtu, wala hakuiga, maana mimi na mama yake na ndugu zake wote twatumia kuume. Alipokuwa akitambaa, ukimwekea kipande cha muhogo mbele yake, mkono wa kushoto ndio uliotangulia. Ukikiweka upande wake wa kuume, atauvusha ule wa kushoto mbele ya kifua mpaka akifikie. Alipopata miaka miwili akapewa kijiko cha uji, nacho kijiko kikahama kila mama yake alipogeuza uso. Akirudishiwa kuume hakulia wala hakukataa. Alingoja tu mpaka mama ageuke tena. Wenye watoto wadogo wanaijua subira ya namna hiyo.

Mama yangu mzazi, ambaye twakaa naye, aliona kuwa jambo hili lataka kutengenezwa upesi. Akafanya kama walivyofanyiwa watoto wa zamani zake: wakati wa chakula akaufunga ule mkono kwa kitambaa. "Mume wangu," akamwambia, maana ndivyo bibi amwitavyo mjukuu wake, "mkono huo si wa kulia." Kijana akautazama mkono wake kitambo kidogo, kisha akainama akala ugali kwa kinywa moja kwa moja sahanini. Ndugu zake wakacheka, bibi naye akacheka, na kitambaa kikafunguliwa. Lakini kicheko hakikumaliza shauri. Usiku, watoto walipokwisha lala, mama akaniita kando, kwa kuwa hapendi kuninenea mbele ya mke wangu, akasema, "Mwanangu, mtoto huyu akiachwa hivi, siku moja atampa mzee wa watu kitu kwa kushoto. Naye mzee hatamlaumu mtoto. Atauliza, huyu amelelewa na nani?"

Napenda kusema waziwazi ya kuwa mama ana haki katika sehemu ya maneno yake, wala siwapendi wale wasomi wanaoicheka desturi hii kana kwamba ni ujinga mtupu. Watu waliokula sinia moja, maji yakiwa ya kuteka mbali na sabuni hakuna, waliigawanyia mikono kazi: mmoja wa chakula na wa kuamkiana, na wa pili wa kujisafishia chooni. Hiyo ilikuwa hekima ya afya kabla habari za vijidudu hazijajulikana. Leo sabuni iko dukani, lakini sinia ingali moja, na aketiye karibu nawe hawezi kujua kama umenawa sana au umelowesha vidole tu. Kwa hiyo nyumbani kwangu mtoto huyu hula ugali kwa kuume kama ndugu zake. Amejifunza pole pole, pasipo kitambaa. Mwanzo tonge lake lilivunjika, likaanguka katika mchuzi wa wenzake, wakanung'unika; basi nikawa nakaa karibu naye kila jioni, tukifinyanga pamoja, moja langu na moja lake. Sasa hufinyanga vema. Ila akila wali kwa kijiko katika sahani yake mwenyewe, kijiko ni cha kushoto, nasi tumemwacha, maana hapo hamdhuru mtu.

Na katika kutoa na kupokea, dawa tulikuwa nayo siku zote, ndiyo mikono miwili. Mtoto mwenye adabu akipewa kitu na mkubwa hukipokea kwa mikono miwili, na akimpelekea kitu hufanya vivyo hivyo. Mikono yote miwili ikienda pamoja, hapana aulizaye upi ni wenye nguvu. Siku ile kijana alipompelekea bibi yake kikombe cha maji namna hiyo, na goti kidogo, bibi alikipokea akasema, "Ndiyo, mume wangu," wala hakutaja tena kitambaa.

Hapo ndipo nilipokubaliana na mama. Sasa nitasema mahali tusipokubaliana.

Watu wengi hudhani mashoto ni ukaidi, au mazoea mabaya, au mkosi. Sivyo. Katika watu kumi, kwa kadiri, mmoja ni wa mashoto, na wavulana huzidi wasichana kidogo. Tena hali hii huanza mapema kuliko tudhanivyo. Huko Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, mtaalamu Peter Hepper na wenzake waliwatazama watoto wangali tumboni kwa chombo kionyeshacho picha za ndani, wakaandika ni kidole gumba cha mkono gani anyonyacho kila mmoja. Kisha wakawafuata watoto 75 walipokuwa wakubwa wa miaka kumi na zaidi, wakatoa habari zao mwaka 2005. Wale 60 walionyonya cha kuume wote walikuwa wa kuume. Katika wale 15 walionyonya cha kushoto, kumi walikuwa wa mashoto. Basi mtoto asiyezaliwa bado amejifunza ukaidi kwa nani?

Na fimbo haibadilishi asili; hubadilisha yaonekanayo tu. Mwaka 1986 gazeti la Marekani liitwalo National Geographic liliwauliza wasomaji wake maswali, wakajibu watu zaidi ya milioni moja. Katika wazee waliozaliwa karibu na mwanzo wa karne ile, walioandika kwa kushoto walikuwa wachache sana. Katika vijana walizidi mara mbili au tatu. Si kwamba watoto wa mashoto walianza kuzaliwa kwa wingi. Walimu waliacha kuwapiga vidole. Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyetawala tangu 1936 hata 1952, alilazimishwa utotoni kuandika kwa kuume, akaandika hivyo maisha yake yote. Lakini alipoingia uwanjani kucheza tenisi huko Wimbledon mwaka 1926, raketi ilikuwa katika mkono wa kushoto. Hapana mwalimu aliyekuwa amemfundisha tenisi kwa rula. Na Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, alipokuwa Rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017, alitia sahihi sheria za nchi kwa kushoto, na dunia nzima ikaona.

Haya ni maneno ya watu wazima. Mtoto ana njia yake ya kuuliza.

Jumapili moja kanisani yalisomwa yale maneno ya kondoo na mbuzi katika Injili ya Mathayo, jinsi Mfalme atakavyowatenga, kondoo kuumeni na mbuzi kushoto. Kijana alikuwa magotini pa mama yake, nikidhani amesinzia. Njiani akaniuliza, "Baba, mbuzi walikuwa upande gani?" Nikamwambia, "Kushoto." Akanyamaza. Alinyamaza mchana kutwa, naye si mtoto wa kunyamaza. Hata usiku nilipokuwa nikimshushia chandarua, akautoa mkono wake nje ya shuka akauweka juu ya kifua, akasema, "Baba, mimi ni mbuzi?"

Ndugu zangu, maneno hayo nimeyafundisha miaka mingi kwa wakatekumeni wenye mvi, wala hapana hata mmoja aliyepata kuniuliza hivyo. Nikaketi kitandani. Nikamwambia ya kuwa Mfalme aliwauliza mbuzi jambo moja tu, kwa nini hawakumpa chakula mwenye njaa na maji mwenye kiu. Hakuwauliza wangalitoa kwa mkono gani. Akafikiri. Akasema, "Hata kwa kushoto?" Nikamwambia, "Hata kwa kushoto."

Kisha, kwa kuwa usingizi ulikuwa umekwisha kumtoka, nikamhadithia habari za Ehudi, zilizomo katika sura ya tatu ya Kitabu cha Waamuzi. Ehudi alikuwa mtu wa mashoto, naye Mungu alimwinua awaokoe watu wake katika mkono wa mfalme wa Moabu. Upanga wake aliufunga pajani pa kuume, chini ya nguo, mahali pafaapo mtu achomoaye kwa kushoto. Tena Ehudi alikuwa mtu wa kabila la Benyamini, na jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume! Na katika kitabu kicho hicho, sura ya ishirini, Wabenyamini walikuwa na watu 700 wa mashoto, wapiga teo, ambao jiwe lao halikukosa hata unywele. "Mia saba?" akauliza. "Mia saba." Ile sehemu ya tumbo la mfalme nikaikata fupi, maana ilikuwa saa ya kulala, lakini kesho yake kaka yake alimsimulia yote pasipo kuacha kitu, na tangu siku ile hapana mwembe karibu na nyumba yetu uliosalimika kwa mawe ya Mbenyamini huyu.

Basi sasa mambo ya kazi. Jembe halichagui mkono, wala ndoo, wala nyundo. Mkasi huchagua. Mpe mtoto wa mashoto mkasi wa kawaida naye atatafuna nguo badala ya kuikata, watu wamwite mzembe. Chuma zake zimepangwa kwa kuume, naye akikamua kwa kushoto huzitenga badala ya kuzikutanisha. Mundu wa meno nao ni vivyo hivyo, na hapo pana hatari ya kukata vidole. Mzazi na atazame chombo kwanza kabla ya kumlaumu mtoto. Uwanjani mambo hugeuka: mpigaji wa mguu wa kushoto hutafutwa mitaa yote. Nalimwambia mama yangu neno hilo, akasema mpira si chakula.

Shuleni ndiko niogopako. Jirani yangu ana mtoto wa kike wa darasa la pili, katika shule ambayo sitaitaja, aliyepigwa rula vidoleni kila alipoishika kalamu kwa kushoto. Sasa huandika kwa kuume, polepole, herufi zikitetemeka kama za mzee. Na akiulizwa jambo huuficha mkono wa kushoto chini ya meza, hata nyumbani kwao, hata mbele yangu. Alikuwa mtoto wa kwanza kusoma katika mtaa wetu. Baba yake anasema amepona.

Wangu ataingia darasa la awali mwezi wa kwanza. Usiku, kazi zikiisha, huketi naye mezani penye taa. Nimejifunza kwamba karatasi yake yataka kulazwa, kichwa cha karatasi kielekee kuume, mkono wake uwe chini ya mstari usifute maandiko yake mwenyewe. Aishike kalamu juu kidogo ya ncha, kama upana wa vidole viwili, apate kuona aandikacho. Herufi S huigeuza nyuma mbele, na N pia. Lakini kaka yake wa kuume aligeuza vilevile alipokuwa wa umri ule, zikajinyosha zenyewe. Walimu msione ni dalili ya akili pungufu.

Juma lililopita nalikwenda kumwona mwalimu atakayempokea. Ni kijana, ana heshima, alinipa kiti akasimama yeye. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, kumpiga sitampiga. Lakini dawati moja ni la watoto watatu, wakati mwingine wanne. Wa mashoto akikaa katikati, kiwiko chake na cha mwenziwe hupigana mchana kutwa, kisha huja ugomvi, na mimi sina macho ya kutosha." Nikaona asema kweli. Nikamwambia, "Basi mwekee mwisho wa dawati, upande wa kushoto, mkono wake uwe nje." Akatazama madawati yake, akahesabu kwa kidole. Akasema wako na wengine wawili darasani ambao mama zao walimwomba awavunje mkono huo mapema, na safu ya dirishani ina nafasi tatu za mwisho.

Nikamwuliza kama nikienda kwa mama wale nitakuwa nimeingilia mambo ya watu. Akasema, "Nenda, mzee. Mimi wataniona mtoto."