Daktari wa Meno Si Zimwi

Jioni moja tulikuwa darasani chini ya mwembe, tunasoma. Mama mmoja alikuja na mtoto wake wa miaka minne. Mtoto alichoka, akaanza kulia. Mama akamwambia, "Nyamaza! Ukizidi kulia nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno yote." Mtoto akanyamaza mara moja. Wanakisomo wakacheka. Hata mimi nilicheka, na sasa najuta.

Je, mtoto yule alijifunza nini? Alijifunza kwamba daktari wa meno ni adhabu. Siku jino litakapomuuma, hatasema. Ataficha. Atatafuna upande mmoja. Usiku atalia chini ya shuka. Mama atajua siku shavu litakapovimba.

Mimi nasema kwamba mara nyingi woga huu tunautengeneza sisi wazazi, nyumbani kwetu. Ninajua ninachosema, kwa sababu woga huo ninao hata mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Gego lilikuwa limeniuma siku nyingi. Baba aliniambia twende mjini kununua viatu. Tukaishia hospitali. Watu watatu walinishika. Nilichomwa sindano ya ganzi, lakini foleni ilikuwa ndefu na mganga alikuwa na haraka. Hakungoja ganzi ishike. Jino lilitoka. Viatu sikuviona. Tangu siku hiyo, nikisikia harufu ya dawa za hospitali, viganja vyangu hutoka jasho. Na kwa muda mrefu baba akiniambia twende mjini, nilikimbilia kwa bibi.

Baadaye nikapata binti. Kila lilipotajwa jambo la meno, aliona jinsi nilivyokunja uso. Hakuwa amemwona daktari wa meno hata siku moja, lakini tayari alikuwa anamwogopa. Watoto husoma nyuso zetu kabla hawajajua herufi. Wataalamu waliochunguza jambo hili katika nchi mbalimbali wameona hivyo pia. Mzazi mwoga mara nyingi huwa na mtoto mwoga. Na mtoto aliyeumizwa sana mara ya kwanza huweza kuogopa mpaka ukubwani.

Jambo jingine ni kuchelewa. Wengi wetu husema, "Hayo ni meno ya utoto, yatatoka yenyewe." Ni kweli yatatoka. Lakini magego ya utoto hukaa mpaka mtoto afike miaka 10 au 12. Mtoto wa miaka mitano mwenye gego bovu, je, avumilie miaka mitano mizima?

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akifika karibu miaka sita, gego la ukubwani huota nyuma kabisa, bila jino lolote kutoka. Sisi tunadhani ni la utoto. Hilo likioza na kung'olewa, halioti jingine. Na usaha wa jino bovu unaweza kusambaa usoni na shingoni. Ukifika huko, mtoto anaweza kufa.

Jino likiwahiwa huzibwa. Iko njia ya kuziba bila mashine. Daktari hukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono, kisha huziba tundu kwa dawa inayoshikamana na jino. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Mlio wa mashine, ambao huwatisha watoto wengi, haupo. Njia hii ilianza kujaribiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa nchi nyingine. Lakini haifai kwa jino lililokwisha kuoza mpaka ndani kabisa. Hapo mara nyingi hubaki koleo. Mtoto anayekutana na koleo siku yake ya kwanza, tena akiwa na maumivu na hajalala usiku kucha, tutamlaumu vipi akiogopa?

Najua mtasema hospitali ni mbali na nauli ni ghali. Ni kweli, wala mimi sina dawa ya nauli. Lakini nauli ya kwenda kuziba ni ile ile ya kwenda kung'oa. Siku mnapompeleka mtoto mdogo kliniki, ulizeni daktari wa meno yupo wapi na siku gani.

Waganga nao wasikie. Wangoje ganzi ishike. Wamwonyeshe mtoto chombo kabla ya kukitia kinywani mwake. Dakika chache hizo si za kupoteza, hata foleni ikiwa ndefu.

Binti yangu alipokuwa na miaka saba, tuliona kitundu katika gego lake. Sikumwambia tunakwenda dukani. Wala sikumwambia haitauma, maana sikujua. Nilimwambia, "Daktari atatazama meno yako. Huenda utasikia maumivu kidogo. Yakizidi, inua mkono, naye atasimama." Kisha nilimwomba mama yake ampeleke, kwa sababu yeye haogopi. Daktari alimpa kioo kidogo akishike, akamhesabia meno, akaziba lile moja. Waliporudi, mtoto aliniuliza kwa nini baba mzima naogopa kioo.

Juma lililopita mama yule wa chini ya mwembe alikuja tena na mwanawe. Nilimwambia mtoto afungue kinywa tuhesabu pamoja. Tulihesabu meno 20, kama inavyotakiwa kwa umri wake. Gego moja la chini lina doa jeusi. Haliumi bado. Nimemwandikia mama siku ya daktari wa meno kwenye daftari lake, naye ameisoma mwenyewe. Ni Alhamisi.