Baada ya Mvua ya Mawe

Katika vilima vya Kericho mvua ya mawe si mgeni. Upepo wenye unyevu utokao Ziwa Victoria hupanda vilima hivyo, hukutana na upepo utokao mashariki, na ifikapo saa tisa au saa kumi za mchana mawingu huwa yamekwisha simama kama ukuta mweusi. Kericho huhesabiwa miongoni mwa sehemu za dunia zipigwazo na mvua ya mawe mara nyingi kabisa.

Basi mwenye shamba wa huko, aliyepanda mahindi mwezi wa Machi na kuyapalilia mara ya kwanza mwezi wa Aprili, aisikiapo sauti ile juu ya bati hana la kufanya. Huwaita watoto ndani, hufunga mlango, naye hukaa kimya, maana hakuna mazungumzo yawezayo kushindana na kishindo kile. Robo saa hupita, pengine nusu saa. Kisha kelele hukatika ghafula, na kisikikacho ni maji tu yadondokayo upenuni.

Atokapo nje huikuta ardhi nyeupe. Watoto huyakimbilia mawe na kuyatia vinywani. Mtoto hana shamba. Jua huchungulia magharibi, na kwa sababu hiyo upinde wa mvua hauna budi kusimama mashariki, juu ya msitu wa Mau, ambako mvua ingali ikinyesha. Vijia vimegeuka vijito. Hewa imetakata hata mti ulio kilima cha pili waweza kuhesabiwa matawi. Tena iko harufu mbichi, tamu, iliyojaa bonde zima, ambayo mpita njia huivuta kwa furaha.

Harufu hiyo ni ya majani yaliyojeruhiwa. Jani lolote lipasuliwapo huitoa, likiwa la nyasi zilizofyekwa, la mchai au la mahindi. Mwenye shamba aijua sana. Asimama katikati ya uzuri mkubwa kuliko wote wa siku ile, na uzuri wenyewe wanukia hasara yake.

Saa hiyo ina hatari. Wako ambao jioni ile ile hushika jembe, wakang'oa kila kitu kwa uchungu, wakaenda kutafuta mbegu nyingine kwa mkopo, na huku masika yanawakimbia. Lakini mche wa mahindi una siri yake. Mpaka upate majani matano au sita hivi, moyo wake haujatoka ardhini. Umelala chini ya udongo, mahali ambapo mawe hayafiki. Kilichochanikachanika ni majani tu. Atakaye kujua hung'oa mche mmoja, akalipasua shina kwa kisu toka juu hata mizizini. Moyo ukiwa mweupe na mgumu, mche u hai. Ukiwa wa kahawia na umelainika, umekufa. Hata hivyo jibu la hakika halipatikani siku ya kwanza. Lataka siku tano, au juma zima, mpaka jani jipya lichomoze. Mahindi yaliyokwisha chanua, hayo habari yake ni nyingine, wala hakuna faraja ya kumpa mwenyewe. Michai nayo hukaa majuma kadhaa bila kuchumwa, kisha huchipua.

Kwa hiyo mtu yule huzunguka shambani polepole, viatu vizito kwa matope. Mawe yanayeyuka kati ya mistari. Mbayuwayu wameshuka chini, wanapita karibu na magoti yake wakiwinda wadudu. Upinde umefifia, na Mau umegeuka rangi ya zambarau.

Nyumbani moto umekwisha washwa na moshi unapenya paani. Ameitwa mara mbili. Jembe amelilaza chini, na mkononi ana mche mmoja uliopasuliwa, anaugeuza kuelekea mwanga wa mwisho ili autazame moyo wake. Na huko bondeni dudumizi ameanza kulia.