Viunzi vya Tovuti: Faida Zake, Hasara Zake na Wajibu wa Mwalimu

Mwanachuo mmoja ameniuliza kwa nini katika somo la TEHAMA tunatumia wiki mbili kuandika kwa mikono fomu moja ya kusajili wanafunzi, ilhali viko viunzi vinavyoimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Swali hili ni la haki. Nakusudia kulijibu kwa kupima faida na hasara za viunzi hivyo, kisha kutoa rai yangu.

Kiunzi ni nini? Mtu afunguapo tovuti, kivinjari chake hutuma ombi kwa seva. Programu iliyoko kwenye seva hulisoma ombi hilo, hutafuta habari katika hifadhidata, huzijaza katika ukurasa, kisha huurudisha ukurasa ukiwa tayari kusomwa. Kazi hizi hufanana katika tovuti nyingi. Kiunzi ni mkusanyo wa programu zilizokwisha kuandikwa kwa ajili ya kazi hizo, ili mwandishi abakiwe na zile zilizo zake mahususi. Mfano mmoja ni Django, kilichozaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kutolewa kwa watu wote mwaka 2005. Mwingine ni Laravel, kilichotolewa mwaka 2011 kwa lugha ya PHP.

Faida ya kwanza ni wepesi. Django humpa mwandishi kurasa za kuingizia na kusahihisha habari bila yeye kuzibuni upya. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni usalama. Chukueni fomu iliyoandikwa na mwanafunzi asiye na uzoefu, halafu msajilini mtoto aitwaye Ng'washi. Ile ritifaa huikata amri ya hifadhidata katikati, na fomu hukwama. Ikiwa jina lisilo na hatia laweza kuivunja, mwenye hila aweza kuandika amri mahali pa jina, akabadili alama. Kiunzi kikitumiwa ipasavyo hutenganisha amri na maneno ya mgeni.

Hasara nazo zipo. Matoleo huzeeka: Django 1.11, la mwaka 2017, lilikuwa la mwisho kuikubali Python 2, na lugha hiyo ikaachwa kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Waliochelewa iliwapasa kuzirekebisha programu zao. Lakini hasara inayotuhusu zaidi sisi walimu ni kwamba kiunzi huficha. Katika shule niliyofundisha zamani, kijana mmoja alitutengenezea tovuti ya alama kwa kiunzi. Ilitutumikia vizuri mihula miwili. Alipohama, ukurasa wa matokeo ulikataa kufunguka katika wiki ya kufunga shule. Sote tulijua mahali pa kubonyeza. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua ombi linapita wapi. Tulirudi kwenye madaftari, tukajumlisha alama upya hadi usiku wa manane, na wazazi walisubiri.

Je, tuvikatae viunzi? La hasha. Fomu ya mkono ni ya kujifunzia. Kamwe isikabidhiwe alama za watoto. Kwa kazi halisi ya shule tutumie kiunzi, na walimu wasiopungua wawili wakifahamu, wakiandika daftarini namna kinavyoendeshwa. Ninachopinga ni kuanza nacho. Hatumpi mtoto wa darasa la kwanza kikokotoo kabla hajahesabu vijiti. Vivyo hivyo, mwanafunzi na aandike fomu kwanza, aione ikivunjwa na Ng'washi, ajaribu kuitengeneza, kisha apewe kiunzi kidogo kama Flask, na mwisho Django. Hapo atajua kila sehemu ya kiunzi inamwondolea taabu gani.

Wiki mbili hizo, basi, si adhabu. Siku tovuti ya shule yenu itakapokwama, na fundi akiwa mbali, ndizo zitakazowawezesha kujua pa kuanzia.