Tusimuulize Pesa tu, Tumuulize Analalaje

Kila mwaka baada ya mavuno ya alizeti na mtama, hapa Issuna tunaona jambo lile lile. Vijana wetu wanasimama na mabegi yao kando ya barabara kuu, wanapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi za viwandani. Tunawaombea, tunawafungia karanga, tunawapungia mkono. Baada ya hapo tunaongea nao kwa simu, na simu zetu nyingi ni za neno moja: "Tutumie chochote, huku tumekwama."

Hatusemi ni vibaya mtoto kuwasaidia wazazi wake. Tunasema kwamba akili ya mtu nayo huchoka na kuugua kama mwili, na sisi tuliobaki nyumbani tunaweza kuiponya au kuizidishia mzigo.

Mwaka juzi kijana wa jirani yetu alirudi bila taarifa. Alikuwa amekonda, hasemi, usiku halali, mchana hatoki ndani. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema ni bangi. Mbuzi wakauzwa kwa ajili ya waganga. Alipofikishwa hospitali ndipo ikajulikana kuwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Alipoulizwa polepole alieleza: miezi ya zamu za usiku, kibarua cha kulipwa kwa siku, chumba cha kupanga cha watu wanne, na joto la bati lisilomruhusu kulala mchana. Kazi ilipokwisha aliona haya kusema, kwa kuwa kila simu ya nyumbani ilikuwa ya kuomba pesa. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliompigia.

Mambo haya hayako kwetu tu. Mwaka 2010 huko Shenzhen, nchini China, wafanyakazi zaidi ya kumi wa kampuni ya Foxconn walijiua. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka vijijini kutafuta maisha, kama hawa wa kwetu.

Je, dalili ni zipi? Huzuni au kukosa raha kwa majuma mawili au zaidi, kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula, kujiona hafai, kujitenga, kuzidisha pombe. Kijana akisema amechoka kuishi, tusimkemee wala tusicheke. Tumuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kuutua mzigo. Tena tusimwache peke yake hadi apate msaada.

Waajiri nao wana wajibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kila juma mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo. Mwajiri anayeipuuza sheria hii haibi mshahara tu, anaiba usingizi, na asiyelala hawezi kuwa na akili timamu kwa muda mrefu. Wazazi, waelezeni watoto haki hizi kabla hawajapanda basi.

Nasi wa nyumbani tufanye nini? Kwanza, katika kila simu tatu, moja iwe ya salamu tu. Tumuulize analalaje, anakula nini, ana rafiki gani. Pili, tumwambie tangu mwanzo kwamba akishindwa anaweza kurudi, na hatachekwa. Vijana wengi huogopa aibu ya kurudi mikono mitupu kuliko njaa ya mjini. Tatu, jumuiya ndogo ndogo za hapa ziwatafutie wasafiri jumuiya za kule wanakokwenda, ili mgeni awe na mlango wa kubisha hodi.

Mgonjwa akipatikana, aanzie zahanati au kituo cha afya, nao watampeleka mbele inapobidi. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, na basi lile lile linalowapeleka vijana Dar es Salaam hupita mji huo. Aliye Dar es Salaam anaweza kutibiwa Muhimbili. Sonona inatibika kwa mazungumzo na kwa dawa. Kumfunga mgonjwa kamba au kumficha ndani si tiba, ni kumwongezea jeraha.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Familia inayoficha ugonjwa wa akili haiponi. Yule kijana wa jirani alitibiwa, na msimu uliopita alilima alizeti na baba yake. Leo jioni, kabla ya kulala, tumpigie aliye mbali. Tusimwombe kitu.