Maji maangavu ya Uluguru nayo yachemshwe

Mzazi, usiyaamini maji ya kijito cha Uluguru kwa kuwa tu ni maangavu. Bakteria wengi wa jamii ya kipindupindu waishio majini hawana sumu ya ugonjwa huo. Wanaouleta wamebeba kirusi kilicholala ndani ya vinasaba vyao. Hicho ndicho chenye maelekezo ya kutengeneza sumu inayomaliza maji mwilini kwa saa chache. Watafiti wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 1996. Jicho haliwezi kuwatofautisha. Mlipuko wa mwaka 2015 ulifika hata Morogoro, basi tusibahatishe: chemsha maji yote ya kunywa. Mtoto akiharisha, mpe ORS mara moja, umwahishe kituo cha afya. Usianze na antibiotiki za kujinunulia.